Kengele ya Meli Iliyozama

Dada Neema, shikamoo.

Huku deltani mvua haikatiki, nami nakula kaa wa nazi mpaka vidole vinanuka. Mwenyeji wangu Shabani, mpiga mbizi, aliibua kengele ya shaba kwenye meli ya vita iliyozama zamani. Leo afisa kaja kuichukua, anasema ni mali ya serikali. Nikapandwa na hasira, nikambishia: si Shabani ndiye aliyeiona?

"Mwache aichukue," Shabani akaniambia. "Mie nilitaka kusoma tu jina la meli lililochongwa juu yake. Kila nikitaka kushuka nachoma ubani, nawaombea dua waliofia mle, na siwajui."

Huenda mama zao hawakuambiwa hata mahali walipozama. Mwambie mama mimi nipo kwa Shabani, mzima.

Nawapenda sana,
Mdogo wako Elia