Usinisinge, Mama

Kuze, Mombasa

Mama yangu mpenzi,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Natumai barua hii itakukuta goti limekupumzisha kidogo, na Rehema anakuchotea maji bila kununa. Mimi natembea, nakula, nasali. Mengine ndiyo yaliyonishikisha kalamu. Kwenye simu siwezi kuyasema, maana kila nikipiga unaweka sauti kubwa, na nusu ya mtaa wetu hapo Faza hunijibu salamu kabla yako. Rehema, mdogo wangu, msomee Mama mlango ukiwa umefungwa, na usiruke mstari hata ukikutia haya.

Mama, nimechoka. Si kuchoka kwa kazi, huko nimezoea. Nimechoka na uso wangu mwenyewe. Huu mwezi wa tatu maji ya bomba yananichoma kama pilipili. Nikicheka, ngozi inavuta. Nikitoka juani hadi duka la pembeni tu, narudi mashavu yamewiva.

Nitakueleza ilivyoanza, nawe unisikilize mpaka mwisho kabla hujaanza kulia.

Unakumbuka siku ya posa, shangazi yake Athman alinishika kidevu mbele ya wanawake wote akasema, "Mtoto mzuri, mashallah, ila jua la kwao limemla." Watu wakacheka. Nami nikacheka, mjinga mimi. Kesho yake nikashuka Makadara kwa mama mmoja anayechanganya krimu za kung'arisha, nikanunua mkebe usio na jina wala maandishi. Wiki mbili nikang'aa kweli. Shangazi akasifu. Kisha vikaanza vipele, muwasho, na ngozi ya kando ya pua ikawa inatoka maganda.

Hapo ndipo nilipokupigia. Nilikwambia nina vipele. Krimu sikuitaja. Ukanijibu vile ambavyo mama yeyote wa kwetu angejibu: "Zidisha singo, mwanangu, itoe taka." Nikazidisha. Asubuhi singo, magharibi singo, na juu yake ndimu na marashi. Mimi ambaye kwa Bi Salma kazi yangu ni kusinga maharusi wa watu, kuwasugua singo ya liwa na maua mpaka wateleze, nikajisugua mwenyewe kama sufuria iliyoungua. Mama, usijilaumu. Ulijibu nilichokuuliza. Aliyeficha ni mimi.

Bi Salma ndiye aliyenishika. Nilikuwa namsinga bi harusi mmoja, vumbi la liwa likanipanda usoni, nikaanza kutokwa na machozi juu ya mabega ya mwana wa watu. Bi Salma akaniita pembeni.

"Hebu ndoo hapa kwenye mwangaza. Mbona mato yamevimba? Uso huu umeutia nni?"

"Singo tu, Bi Salma."

"Singo nimeitwanga tangu hujazawa. Haifanyi haya peke yake. Nambia kweli."

Nikamwambia. Hakunigombeza, na hilo lilinivunja zaidi. Alijifunga buibui lake, akanipeleka mwenyewe kwa daktari wa ngozi, binti mdogo kutoka bara, mpole lakini mdomo anao. Akaniangalia uso, akanusa ule mkebe, akatikisa kichwa. Kisha akaunyoshea kidole ukuta wa nyumba ya pili, dirishani, ule uliobanduka chokaa hadi mawe yanaonekana.

"Ngozi ya juu ndiyo chokaa yako," akasema. "Krimu imeibandua. Sasa unyevu wa ndani unatoka, na kila kitu cha nje kinaingia. Mtu akiona ukuta umebanduka hivi, anauletea msasa?"

Bi Salma akacheka.

Basi sasa maisha yangu ni haya. Naosha uso kwa maji ya vuguvugu. Sabuni isiyo na manukato, kidogo. Nikijifuta, nagusisha tu kitambaa, sisugui. Kabla ngozi haijakauka napaka mafuta ya mgando yasiyo na harufu, basi. Ile krimu daktari ananiachisha kwa mpango wake, maana inaweza kuniumbua zaidi nikiiacha ovyo. Ndimu hapana, liwa hapana, marashi hapana, hata moshi wa udi niukwepe. Nyumba hii, Mama, ambayo hata mapazia yanafukizwa! Bi Salma amenitoa kwenye kusinga, sasa napiga pasi leso na kupokea wageni. Maharusi wananipita wakinukia, nami nanuka mafuta ya mtoto mchanga.

Napona, lakini polepole mno. Juzi niliosha uso bila kuuma meno. Nilikaa kwenye ngazi nikalia kwa hilo tu.

Lakini harusi imebakiza wiki sita. Daktari amesema wazi: singo ikinigusa kabla ngozi haijajijenga, narudi nilikotoka, na huenda nikabaki na mabaka.

Mkoba wako umefika, ule wa singo uliyoitwanga kwa ajili yangu. Sijaufungua. Nimeuweka juu ya kabati na bado harufu ya asumini inashuka mpaka kitandani. Najua umengoja siku hizi tangu nizaliwe: siku saba nimefungiwa ndani, nawe unanisinga kwa mkono wako, kama Bibi alivyokusinga. Najua watu watauliza. Bi Salma alisema tunaweza kuwaambia nimesingwa kwa siri. Nimekataa. Uongo wa kwanza umenitosha, bado niko nao usoni. Athman nimemwambia yote, akasema ananioa mimi, haoi rangi. Shangazi yake nitamwambia mwenyewe.

Anayeniogopesha ni wewe. Naogopa utaona nimekunyang'anya haki yako. Niwie radhi, Mama. Bila radhi yako sitatoka chumbani siku ya harusi, hata niwe nimepona vipi.

Nisalimie Baba, mwambie asitafute wa kugombana naye huku. Nisalimie mama mdogo aliyenipasulia leso za harusi, na jirani yetu anayekupikia mkate wa mofa. Rehema, mkoba wa singo nitakutunzia wewe. Na krimu, mdogo wangu, usithubutu.

Mama, siku saba bado ni zako. Mafuta yangu yapo hapa dirishani, hayana harufu, hayana rangi, na daktari ameruhusu kupakwa na mtu mwenye mkono mwepesi. Sijui mwingine ila wewe. Najua hujawahi kuingia nyumba ya mtu mikono mitupu, na utaona aibu kushuka hapa bila hata ua moja. Njoo hivyo hivyo. Mikono yenyewe inanitosha.

Mwanao anayekungoja,
Mwanakhamisi