Ndege Yako Imerowa

Baba Zuhura,

Leo siwezi kutulia. Nimekwenda jikoni nikasahau nilichofuata, nimerudi dirishani, nimeyatazama mabasi ya Walthamstow yakipita na watu wasiokujua. Mwanao ananambia kwenye simu, "Mama, kaa kitako upumzike." Kana kwamba eda ina kazi nyingine zaidi ya kukaa kitako.

Kilichonitia wahaka ni ndege yako. Mfano wa ile ya jeshi la majini la Waingereza, ya kupelelezea bahari, yenye maboya badala ya magurudumu. Ya kweli ilijengwa moja tu, ya majaribio. Wakubwa wakaitazama, wakasema haifai, ikaishia hapo. Uliiona pichani kwenye gazeti kuukuu la maktaba, mwaka ule wa kwanza baada ya kukimbia Unguja kuja huku Uingereza, ulipokuwa ukizungusha vyeti vyako vya uchoraji ramani na kila ofisi inakwambia asante, hapana. Ukasema, "Hii nitaiunda mimi." Na ukaunda mfano wake kweli, ulipostaafu kiwanda cha mikate, kwa mbao nyepesi na gundi iliyonuka hadi kwenye pilau ya Idi.

Kuitia majini tu ndiko hukuthubutu. "Mwakani, inshallah." Nami nikikuchokoza: "Hiyo ni ndege ya majini au ya kabatini?" Ukinuna, kisha ukicheka.

Juzi alikuja yule mzungu mwenye ndevu, wa chama chenu cha waunda mifano. Nilizungumza naye nikiwa nyuma ya mlango, naye maskini ameinama kwenye tundu la mlangoni la kutilia barua. Wanaitaka ndege waiweke kwenye kabati la vioo, na jina lako chini yake. Ila isiguse maji, alisema, itaharibika. Zuhura alifurahi. Nami nikasema ndiyo, aje Jumamosi.

Tangu hapo sina raha. Jina lako kwenye kioo ni heshima, najua. Nani mwingine katika nchi hii aliyetaka kuliandika? Lakini wewe hukuiunda ikae.

Asubuhi nikajaza bafu maji. Bismillahi, nikaiachia. Ikayumba, bawa la kushoto likagusa maji, nikasema basi, imekwisha. Ikasita. Ikajiinua. Imeelea, Baba Zuhura! Imeinama upande kidogo, kama ulivyokuwa ukisimama kwenye foleni. Rangi ya tumboni imebambuka. Nilipiga ukelele peke yangu, nikageuka kukwambia, na...

Nimempigia simu yule bwana: Jumamosi asije. Akitaka kuiona, nikishatoka eda aje kwenye bwawa la bustani, awaone mabata wakiipisha njia. Nitaipeleka mwenyewe, hata baridi iwe kali vipi. Ikizama, itazama majini, ilikoundwa iende.

Mungu akupanulie kaburi lako, mume wangu. Nakuaga hapa. Bado iko bafuni, inaelea; nakwenda kuitazama tena.