Mama, Wamekusoma Nusu

Mama,

Leo sikuja kulia. Kulia nimelia, hata wewe ungeniambia inatosha. Leo nimekuja kushtaki watu. Wamenitia kinyaa, na hakuna mtu ninayeweza kumwambia hivyo bila kuambiwa nitulie, eti mwalimu hapaswi kukasirika.

Kwanza habari za hapa. Lile paa lililokuwa likivuja upande wa jikoni tumelibadilisha. Karai lako analo Mama Pamela, na amelihamishia kwenye jiko lake palepale kando ya barabara mlipokuwa mkikaa pamoja. Jumamosi naenda kumsaidia. Bado analalamika kwamba mafuta yamepanda bei, bado anawapigia wateja kelele kama mtu aliyegombana nao. Nikirudi nyumbani nywele zangu zinanuka moshi na samaki, na sizioshi haraka. Unajua kwa nini.

Sasa sikia. Unalikumbuka lile grupu la mtaa la kwenye simu, ambalo ulikataa kuingia kwa sababu makelele ya barabarani yalikutosha? Limekua. Nusu ya watu waliomo hawakai Obunga tena, wamehamia nyumba zenye geti, lakini wamebaki humo ili watufundishe kuishi. Na siku hizi hakuna anayesema "nimesikia." Wote wanasema "utafiti umeonyesha." Ukiuliza utafiti gani, unatumiwa picha ya skrini, sentensi mbili zimepakwa rangi ya njano, kila kitu kingine kimekatwa. Asubuhi mtu anatuma utafiti kwamba jambo fulani linaua, jioni mwingine anatuma kwamba linaponya, na watu walewale wanawawekea wote wawili kidole gumba. Watoto wangu wa darasa la nne wakijibu maswali ya ufahamu bila kusoma kifungu, nawarudisha wakisome. Hawa watu wazima, wenye vyeti vilivyofungwa kwenye fremu ukutani, nitawarudisha wapi?

Odhiambo unamjua vizuri. Alikula kwako miaka yote ya chuo. Ulikuwa unamchagulia mgongo wazi, ile mifupa ya sangara inayobaki kiwandani, ule wenye kichwa kikubwa, eti mtu anayesoma apewe kichwa. Siku ya mazishi yako alishika maikrofoni akasema amelelewa na karai lako, akakuita mama yake wa pili, akalia mpaka suti ikaloa kamasi. Mimi nilimshika mkono nikamwambia asante. Ule mkono sasa natamani niurudishe.

Maana ni yeye aliyetuma. Aliandika, "Watu wangu, tumelishwa uozo Obunga miaka yote. Sio mimi nasema, ni utafiti." Chini yake picha ya ukurasa, Kiingereza kizuri cha chuo kikuu, na katikati sentensi moja ya njano. Nikiirudisha kwa Kiswahili inasema hivi: ukianza kunuka, tunaongeza moto na pilipili, mteja hatajua. Halafu kwa herufi ndogo: mwanamke, mkaangaji wa mgongo wazi, Kisumu.

Uone walivyokimbilia, Mama. Vile vikatuni vya kutapika vilijaa skrini yangu yote. Mwanamke mmoja, ambaye Mama Pamela alikuwa amemfungia samaki juzi tu kwenye gazeti, akaandika kwamba yeye alijua zamani. Mwingine akasema watu wa aina hiyo ndio wanaotuletea magonjwa. Admini akaandika ombi la kupeleka ofisi ya wadi, majiko yote ya kando ya barabara yaondolewe, na watu wakaanza kuweka majina. Katika kelele yote hiyo hapakuwa na mtu hata mmoja aliyeuliza ni ukurasa wa ngapi, nani aliandika, au huyo mwanamke alisema nini baada ya hapo.

Mimi nilikuwa nasahihisha madaftari. Niliitazama ile picha nikawa na hasira ya kawaida tu, ile ya kila siku. Halafu nikaona pembeni, juu ya ile njano, kipande cha sentensi ambacho mkasi haukukimaliza. Kilikuwa kinasema, "umeshakunywa chai yangu."

Nikaiweka kalamu chini.

Unakumbuka yule msichana wa chuo aliyekuja na kinasa sauti, akakaa kwenye kile kigoda kibovu? Nilitoka shule nikawakuta mnamalizia. Alikuwa ameshiba, ana mafuta mpaka kwenye karatasi zake. Alipoondoka nikakuuliza umemwambia nini muda wote huo, ukasema umemwambia kila kitu. Nikakuambia Mama, watu wa utafiti hawaambiwi kila kitu. Ukanijibu, "Nitamficha nini, nyathina, mtoto wangu, na ameshakunywa chai yangu?" Kwako ilikuwa hivyo. Mgeni akinywa chai kwako humdanganyi, kwa sababu hata yeye angeweza kukataa hiyo chai na hakukataa. Kitu kimoja tu ulimwomba, asiandike jina lako. Ulimwambia aandike mwanamke.

Aliandika mwanamke. Huyo msichana simlaumu hata kidogo. Alishika neno lake, na aliyemwonea shaka nilikuwa mimi.

Nikamwandikia Odhiambo anitumie utafiti wote. Akasema yeye alipata hiyo picha kwenye grupu la watu aliosoma nao. Nikamwomba aulize huko. Huko nako ilikuwa imetoka grupu la kanisa, na kanisani hawakujua ilikotoka. Picha moja imepita mikononi mwa wasomi wote hao na hakuna aliyewahi kulifungua lile faili. Wala halikuwa limefichwa, Mama. Niliandika ile sentensi kwenye simu, likatokea, bure kabisa, bila hata kuombwa nenosiri.

Nikasoma. Nilianza mwanzo kama ninavyowafundisha watoto, nikafika kwako, nikaipita ile sentensi ya njano. Ulikuwa hujamaliza. Ulikuwa hata hujaanza vizuri.

Ulisema hivyo ndivyo mlivyofundishwa na waliowatangulia wakati unaanza hiyo kazi, na kwamba ulifanya, hukukataa. Ukasema siku moja ulikuwa umeongeza moto na pilipili kwenye mgongo wazi uliokuwa umeharibika, ukageuka kumrudishia mteja chenji, ulipogeuka tena ukamkuta mtoto wako mwenyewe ameshika kipande, anakipeleka mdomoni. Ukampiga mkono kikaanguka mchangani. Ukasema, "Yule mtoto alilia akidhani namnyima. Mimi nililia kwa sababu ndani yake nilikuwa nimemwona mtoto wa mtu mwingine." Tangu siku hiyo, ulisema, mgongo ukinuka unaumwaga shimoni na kuumwagia mafuta taa juu, ili hata mtu mwenye njaa asiufukue. Na wenzako wote wa pale barabarani uliwafundisha hivyo, na aliyekataa mlimfukuza.

Mama. Lile kofi.

Nimelibeba lile kofi tangu utotoni. Nilikuwa mdogo lakini nakumbuka lilivyochoma, na pilipili kwenye vidole. Nilijua ulinipiga kwa sababu samaki walikuwa wa biashara na mimi nilikuwa mdomo tu wa kulishwa. Sikuwahi kukuuliza. Hata ulipokuwa umelazwa, nikikulisha uji kwa kijiko, kuna siku nilikumbuka lile kofi nikaona uchungu kidogo, nikanyamaza. Na wewe hukuniambia kamwe. Ukamwambia mgeni mwenye kinasa sauti, kwa sababu alikuwa amekunywa chai.

Nililia juu ya madaftari ya watoto. Halafu nikakasirika zaidi ya mwanzo, maana nilifikiria kwamba kama ningeishia pale Odhiambo alipoishia, ningekufa na kofi langu.

Basi nikatuma ukurasa wote kwenye grupu. Sikuandika matusi, niliandika tu, someni mpaka chini. Unajua nilijibiwa nini? Mmoja aliweka kidole gumba, na naapa hakusoma, kwa sababu hata mimi ninayeujua ukurasa huo nisingeumaliza kwa muda aliouchukua. Mwingine akasema maandishi ni madogo. Odhiambo akaandika, "Asante Mwalimu, lakini point inabaki pale pale. Wamekubali wenyewe. Siwezi kubishana na sayansi." Halafu akaomba, kama ninaweza, niwatumie kwa ufupi.

Kwa ufupi! Ameletewa kilichokatwa, halafu anataka nimkatie tena.

Wakati huo majiko yalikuwa yamepoa kweli. Mama Pamela alikuwa anarudi nyumbani na beseni karibu limejaa. Vijana walipita wakiwapiga picha na kucheka. Wanawake wakakutana kwake, wakaniita niwasomee hiyo habari kwa Dholuo waelewe wanashtakiwa nini. Sikuwa nimefika mbali Mama Pamela akainua mkono. "Hiyo ni Nyar Sondu anaongea," akasema, kwa jina walilokuita pale barabarani. "Hiyo ya chai ni yake. Nani mwingine?"

Wote wakanigeukia. Nikajua kinachokuja kabla hakijasemwa.

"Mwalimu, si useme tu ni yeye," Mama Pamela akaniambia, na hakuwa na ubaya, Mama, alikuwa amechoka tu. "Waambie ilikuwa mtu moja, na huyo mtu alishakufa. Yeye hawawezi kumfanya kitu sasa. Sisi bado tuko hapa."

Na ilikuwa kweli. Wewe huna tena mteja wa kupoteza. Ningesema jina lako kwenye grupu, hasira yote ingehamia kaburini, na wao wangeuza kesho yake. Nilikaa pale nikaona kinyaa tena, safari hii bila kujua namwonea nani. Nilifikiria yule mwanamke wa vikatuni vya kutapika akilitamka jina lako. Nilifikiria Odhiambo akisema, ah, kumbe ni yule. Nikawaambia wanipe mpaka jioni.

Nikaenda kukaa kwenye ngazi za darasa langu, watoto wameshaondoka. Nikachukua maneno yako ya Kiingereza kizuri nikayarudisha Dholuo, moja moja, na hayakunisumbua. Yalikuwa yanajua njia. Kila nilipokosa neno nilijiuliza wewe ungesemaje, nikasikia. Halafu nikafungua simu nikayasoma kwa sauti, kuanzia chai mpaka mafuta taa, nikatuma kwenye grupu. Jina sikutaja. Nilisema tu huyu ni mwanamke, mkaangaji, sasa msikilizeni amalize.

Sauti waliisikiliza. Kusoma hawawezi lakini kusikiliza bure wanaweza. Mzee mmoja akaandika kwamba hiyo namna ya kuongea anaijua, halafu hakuendelea. Wengine walioijua nao hawakuendelea. Ndiyo heshima pekee niliyoiona humo ndani, na nimeiweka moyoni.

Halafu Odhiambo akaniandikia peke yangu, pembeni, ambako watu hawaoni. "Mwalimu. Huyo ni Mama?"

Nilitazama hilo neno Mama. Nilitaka kumwandikia mengi, mengine matusi ambayo hujui kwamba nayajua. Mwishowe niliandika, "Huyo ni mwanamke, mkaangaji wa mgongo wazi, Kisumu. Soma utafiti wako." Nikaona anaandika, anaacha, anaandika tena. Hakutuma kitu. Baadaye kwenye grupu pale ilipokuwa picha yake pakabaki maneno kwamba ujumbe umefutwa. Alifuta kimya kimya. Hakuomba radhi, hakusema nilikosea, na wale aliowachafua roho hakuwasafisha. Kesho yake asubuhi ametuma utafiti mwingine, mambo ya usingizi, njano tupu. Wakamwekea vidole gumba.

Lile ombi la wadi limesahaulika. Nisikudanganye kwamba ukweli ulishinda. Walichoka tu, wakapata kitu kingine cha kutapikia. Wateja wanarudi polepole kwa sababu wana njaa na mgongo wazi ni rahisi. Yule aliyesema alijua zamani alikuja Jumamosi, akanunua, akasema leo umeiva vizuri. Mama Pamela alimhudumia. Mimi nilishindwa, nikainama nikajifanya nachochea kuni.

Mama Pamela hajaniuliza tena habari ya jina. Siku ile alipomaliza kusikiliza alijifuta uso na leso, akasema tu kwamba yeye ndiye aliyekuwa mteja wa kwanza uliyemkimbiza kwa kumuuzia mgongo mbovu, kabla hamjawa marafiki. Hiyo nayo hukuniambia.

Sasa naenda, nina madaftari. Lala, Mama. Jina lako hawatalipata kwangu, hata wakiniletea chuo kizima. Lile kofi nimelielewa na nimelipokea, limefika. Jumamosi nitakuwa pale barabarani na karai lako, na ile chupa ya mafuta taa iko chini ya meza ulipoiacha.

Ukinuka, nitaumwaga.

Mtoto wako