Gobore la Anayelala Dunguni

Mjukuu wangu Saidi,

Huku Kilimarondo tu wazima, na mama yako amemaliza kuokota korosho. Umeniuliza ununue bastola gani ya kulindia duka, maana kibali umepata lakini fedha ni kidogo.

Enzi za Mwingereza, nikiwa msichana, nguruwe walitumalizia mihogo. Mjomba wangu akaja kutoka Likunja, akanipeleka Nachingwea kununua gobore. Yeye alipenda lenye nakshi za shaba. Nikaliinua, uzito ukanishinda kabla sijalenga. Pembeni palikuwa na jingine kuukuu, fupi. Hilo likatulia begani, na nilipojaribu kifyatuo hakikugoma hata mara moja.

"Watu watatucheka," mjomba akasema.

"Anayelala dunguni kulinda shamba ni mimi, mjomba. Nachukua hili."

Nawe usinunue kwa macho. Ishike, lenga nayo, jaribu kifyatuo ikiwa haina risasi. Muuzaji akikuharakisha, mrudishie uondoke.

Mjomba alininunia njia nzima hadi nyumbani. Mihogo ya mwaka ule alikula na yeye.

Bibi yako,
Somoe