Dole Gumba la Shangazi

Mjukuu wangu Mutheu,

Huku Mountain View tu wazima. Mume wangu mpya huniita bibi harusi hata nikimenya viazi, nami nayeyuka.

Unauliza utawalipaje shangazi zako urithi unaousimamia ilhali hawakuamini. Waache kwanza wachague mtu wa kuwasomea risiti.

Nilipokuwa msichana, baba alisimamia mirathi ya babu. Shangazi yangu, ambaye hakujua kusoma, alikataa kuweka dole gumba kwenye risiti ya pesa zake. "Kaka, nikichovya dole kwenye wino, shamba limekwenda."

Baba hakubishana. "Mlete unayemwamini akusomee."

Akamleta jirani aliyekosana na baba. Jirani akasoma polepole, kwa Kikamba: "Umepokea pesa zako. Shamba halimo."

Shangazi akaweka dole, akacheka, akapangusa wino kwenye shati la kaka yake. Baba alikataa lifuliwe.

Nyanya yako,
Mwende