Chembe cha Moyo si Moyo

Kilwa Masoko,
9 Agosti 2025.

Mpendwa mdogo wangu Abdulwahab,

Marahaba. Najua hujaniamkia bado, lakini shikamoo yangu naichukua mapema, maana ukifika katikati ya barua hii unaweza ukasahau adabu. Hujambo wewe? Samia na watoto hawajambo? Wameizoea hiyo mvua ya Bukoba? Nasikia wali wa nazi mmeutupa mkono, siku hizi ni ndizi asubuhi na ndizi jioni. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi, tena safari hii hatujambo yangu si ya mdomoni tu.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia barua wakati simu ninayo. Kwanza, jirani yangu Damiani amepata mzigo wa kupeleka huko na lori lake, akaniuliza kama nina cha kukutumia. Nimempa ufuta na samaki wakavu wa ng'onda, na nikaona si vizuri mzigo ufike bila neno. Pili, mambo ya Mama nimeapa sitayatia tena kwenye lile kundi letu la wasapu. Kundi lile lina masikio mengi kuliko soko la samaki, na kila sikio lina mdomo wake.

Nianze na habari njema usije ukasoma roho juu. Mama amepona. Moyo wake ni mzima, hauna tundu, haujapanuka, wala haukuwahi kuumwa. Alikuwa na vidonda vya tumbo, na juzi amekula wali kwa samaki wa kupaka, kisha akaulizia ukoko. Sasa vuta pumzi, nikueleze tulivyofika hapo.

Kosa lilianzia kwenye neno. Nusaiba wangu alikwenda Miteja wakati wa likizo kumsaidia bibi yake kuvuna ufuta. Wakiwa shambani Mama akamwambia, "Mjukuu wangu, leo chembe cha moyo kinaniuma." Wewe na mimi tumekua tukilisikia neno hilo. Ni pale chini ya kidari, juu ya kitovu, ambapo tonge hukwama ukila kwa pupa, nawe unapajua vizuri kwa sababu hujawahi kula taratibu. Lakini Nusaiba ni mtoto wa shule za bweni, Kiswahili chake amekiokota Dar es Salaam. Yeye alisikia "moyo" tu. Akaandika kwenye kundi kwamba Bibi anaumwa moyo.

Shangazi Maftaha akauliza, je, moyo umepanuka? Wenye haraka wakasoma "umepanuka" na ile alama ya kuuliza wakaiacha njiani. Kabla jua halijazama moyo wa Mama ulishatoboka, na ndugu zetu wa Mtama walikuwa wanataka kujua kama wapande basi waje au wangoje kwanza.

Nawe huko ukafanya jambo ambalo mtoto yeyote mwenye mapenzi angelifanya. Ukaingia mtandaoni, ukatafuta dawa ya moyo, ukampata yule daktari wa koti jeupe na kinywaji chake cha kitunguu saumu, ndimu, tangawizi na siki, kikombe kizima asubuhi kabla ya kula chochote. Ukamtumia Mama video yake. Sikulaumu, Abdu. Nakuomba tu unisome mpaka mwisho.

Mama alikinywa, tena bila kukosa. Kila asubuhi kilimwunguza, na kadiri kilivyomwunguza ndivyo alivyozidi kukiamini, si unamjua na ile kauli yake kwamba dawa isiyouma si dawa. Kumbe mtu ana kidonda tumboni na kila alfajiri anakikamulia ndimu. Akaanza kukonda. Nikimwambia kwa simu aende hospitali, ananijibu kwamba daktari wa Abdu amesema vidonge vya hospitali vinauchosha moyo.

Mwishowe nikafunga cherehani yangu nikapanda gari kwenda Miteja. Nilimkuta anagawa vitu. Lile sufuria kubwa la shughuli ameshampa jirani, na kanga za sandukuni amezipanga mafungu, kila fungu na jina la mtu. Fungu langu lilikuwa na doti ambayo miaka yote nimekuwa nikimwomba ananinyima. Nilitoka uani nikalia, nikasingizia moshi wa jikoni. Mama yetu alikuwa anajiandaa kufa, Abdu, na alikuwa anajiandaa kwa utulivu kabisa, kama mtu anayefunga mizigo ya safari.

Jioni ile nikanunua bando nami nikaanza kutafuta. Niliandika "ugonjwa wa moyo," na kila ukurasa niliofungua ulikuwa unatisha kuliko uliotangulia. Nilisoma mpaka mkono wangu mwenyewe wa kushoto ukaanza kufa ganzi. Nikaona bora niizime simu, nisije nikaongeza mgonjwa wa pili nyumbani.

Asubuhi nikafanya jambo ambalo sote tulipaswa kulifanya tangu mwanzo. Nilimwuliza mgonjwa mwenyewe. Nilimwomba Mama anionyeshe kwa kidole mahali panapouma. Akasema, "Si nimeshasema? Hapa, chembe cha moyo," na kidole akakiweka chini kabisa ya kidari. Mimi kazi yangu ni kupima watu, mdogo wangu. Pale si pale ninapopitisha futi nikimpima mtu kifua. Pale nimeshakaribia kiuno. Nikamwuliza panauma vipi, akaniambia panawaka moto, hasa akiwa na njaa, na huamka usiku kwa sababu ya moto huo. Nikamwuliza anameza nini siku hizi, akanitolea vidonge vya maumivu vya dukani anavyovimeza kwa ajili ya magoti, bila hata chai.

Basi nikarudi mtandaoni, safari hii sikuandika jina la ugonjwa. Niliandika maneno ya Mama mwenyewe: maumivu juu ya kitovu, yanawaka ukiwa na njaa. Zikaja kurasa nyingi, na nyingi zilikuwa na namba ya kuagizia chupa. Hizo nikazipita kama ninavyowapita wanaouza nyuzi feki. Nikafika kwenye ukurasa wa hospitali moja kubwa ya serikali, umeandikwa kwa Kiswahili kinachosomeka. Chini yake waliweka majina ya madaktari waliouandika, na tarehe waliyoupitia mara ya mwisho. Hawakuwa wanauza kitu. Wakaeleza habari za vidonda vya tumbo, na vile vidonge vya magoti vilivyo adui wa tumbo, na tindikali za ndimu na siki.

Lakini kilichonifanya niuamini ukurasa ule ni kwamba haukujifanya unajua kila kitu. Uliandika kwamba maumivu ya mahali pale mara nyingi ni ya tumbo, ila mara nyingine moyo nao huumia hapohapo, hasa kwa watu wazima, kwa hiyo usikisie, nenda ukapimwe, na ukiona jasho jingi na pumzi zinabana usingoje kesho. Yule wa video alikuwa na uhakika wa mia kwa mia na mgonjwa hajamwona. Hawa wamesomea kazi hiyo, na bado wanakuambia njoo kwanza tukuone.

Nilikuwa na kazi moja tu iliyobaki, nayo ni Mama. Unamjua akishikilia. Nilimsomea ukurasa wote, akanisikiliza kwa heshima, kisha akasema daktari wa Abdu ana koti. Koti! Nikamwambia basi tulitazame hilo koti. Tukaifungua video yako, mimi nikiitazama kwa jicho la kazi yangu. Mfuko wa kifuani ulikuwa umeshonwa upya kwa uzi wa buluu, tena na mtu asiyejua kushona, umekwenda upande. Kumbe mtandao ukishaona unapenda mambo hayo, unakuletea mengine ya kufanana nayo bila kuombwa. Ikaja video ya pili, daktari mwingine kabisa, mnene, jina jingine, anauza mafuta ya kuotesha nywele. Koti ni lilelile. Mfuko uleule, uzi wa buluu, umekwenda upande. Na huyo muuza mafuta ya nywele, Abdu, ana upara unaong'aa mpaka unamulika kamera.

Mama akatazama. Akataka irudiwe. Akavaa miwani, akatazama tena mfuko, kisha upara. Halafu akaanza kucheka. Alicheka akashika chembe chake cha moyo kwa mikono miwili, huku machozi yanamtoka, na mimi nikacheka kwa sababu sikuwa nimemsikia akicheka tangu ufuta uko shambani. Alipopata pumzi akasema, "Watu wanaazimana koti kama wanakwenda harusini. Haya, nipeleke kwa wenye makoti yao."

Hospitalini tulimkuta daktari kijana, mgeni wa pwani. Mama alipomwambia chembe cha moyo kinauma, nikaona kalamu yake nayo inataka kuandika moyo. Nikakohoa. Bahati nzuri alikuwa mtu wa kuuliza, akamwomba Mama aweke kidole panapouma. Moyo wakaupima hata hivyo, wakamfunga zile waya kifuani, ukaonekana unapiga sawasawa. Kisha wakapima choo, wakakuta wadudu wa vidonda vya tumbo. Akapewa dawa za kumeza mpaka ziishe. Vidonge vya magoti akabadilishiwa, na kile kinywaji akaambiwa asikisogelee.

Dawa amezimaliza. Analala mpaka adhana. Juzi amekwenda kwa jirani kulidai sufuria lake, kaingia na salamu ndefu, katoka nalo kichwani. Na ile doti ya kanga ameichukua kutoka kwenye fungu langu, anasema bado anaihitaji. Sijawahi kunyang'anywa kitu nikafurahi namna hii.

Nusaiba naye amelijua neno, sasa analitumia hata pasipohusika. Wala usije ukaacha kututafutia habari huko mtandaoni, kwa sababu ni mtandao huohuo uliotuonyesha njia. Ila kabla hujatuma kitu, mtazame anayesema ni nani na anauza nini. Na kabla ya hapo, mwulize mgonjwa anaumwa wapi. Mgonjwa yupo, ana mdomo, tena wa Mama yetu unajitosheleza.

Sasa nikwambie jambo ambalo Mama amenikataza. Hakutaka kabisa ujue kwamba kinywaji kile kilimwunguza. Alisema, "Abdu alinitumia kwa mapenzi, na mapenzi hayarudishwi." Nimemvunjia amri yake kwa sababu wiki iliyopita tulipokwenda kumtazama tulikuwa tunapunguza vitu kwenye simu yake, imejaa. Nusaiba akaifuta video ya daktari. Akataka kuifuta na ile sauti yako uliyoituma pamoja nayo, ile unaposema, "Shikamoo Mama, kunywa hii upone, tunakuhitaji." Mama akamnyang'anya simu mkononi.

Nilipombana ndipo nikajua. Kila asubuhi, kabla hajawasha moto, huibonyeza sauti hiyo. Unamwamkia, naye anaitika, "Marahaba, mwanangu," kisha anangoja kidogo. Kinywaji alikuwa anakivumilia tu, Abdu. Alichokuwa anakifuata kila alfajiri ni hiyo sauti iliyokuja nacho. Nawe tangu uhamie huko unatusalimia kwenye kundi, wote kwa pamoja, na salamu hizo humpita yeye zikielekea kwa wenye kusoma haraka.

Mpigie asubuhi kabla ya chai. Usimtumie kitu chochote. Mwamkie tu, kisha unyamaze umsikie anavyoitika.

Msalimie sana Samia, na wanao uwabusu kwa niaba ya shangazi yao. Baba mdogo Alfani anakusalimu, Shangazi Maftaha pia, anakuuliza kama ndizi zimekupanua. Mwenyezi Mungu awafunike kwa afya, awape riziki ya halali, na atukutanishe tukiwa wote tunajijua na kujuana.

Ni mimi dada yako, akupendaye hata wakati anapokugombeza,

Batuli