Usimkimbilie Hawa, Mkumbuke Sukari

Baba Hawa wangu,

Yule baharia wako amenifikishia maneno, tena aliyasema akiwa ameinua mikono miwili juu, akikuiga. Kwamba Jumamosi, boti yetu ikigusa tu gati la Kigoma, utakuja mbio, utamnyakua Hawa kabla mguu wake haujakanyaga chini, utamrusha hewani mpaka acheke. Nilicheka mimi. Halafu nikakaa jikoni na kutafuta kalamu, maana boti ya mizigo inaondoka leo na nataka barua hii itutangulie. Ukifanya hivyo, mume wangu, utaharibu kila kitu.

Hawa hakukumbuki. Nakuambia mapema ili usije ukaumia pale mbele ya watu. Picha yako anaibusu kila asubuhi, anaiita baba, jana aliilisha uji. Lakini picha haina ndevu, haina sauti, haiji mbio. Mwanaume yeyote akimnyooshea mikono, mtoto anatoka nduki. Juzi mjomba wangu, unamjua alivyo mpole, alimwambia tu, "Kuya hapa, mujukuu." Hawa akapita chini ya meza, akatokea mlangoni, akavuka uwanja, tukamkuta nyuma ya pipa la maji ameziba macho. Mjomba akaniuliza, "Huyu mutoto umemuzaa ao umemununua kwa wenye farasi?"

Ana mbio za yule farasi Sukari kabisa. Ndiyo maana nataka kwanza tumkumbuke Sukari, mimi na wewe, halafu nitakuambia la kufanya.

Unakumbuka tulivyofika kwa Madamu kule Kinanira? Tulikuwa tumekimbia mapigano ya Cibitoke na mafurushi mawili na baiskeli yako isiyo na gurudumu la mbele, tumbo langu likinitangulia. Madamu alitoka barazani na sigara yake, bibi wa Kigiriki aliyezaliwa hapa hapa Bujumbura, akakutazama kuanzia kichwani hadi miguuni.

"We unajua farasi?"

Ukajibu bila kupepesa macho: "Madamu, mi najua baiskeli. Ni kitu kimoja, ila huyu anakula majani."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Siku hiyo hiyo tukapata chumba cha nyuma, na wewe ukapata kazi ambayo hukuijua. Hawa akazaliwa mle, na sauti ya kwanza aliyoisikia baada ya yangu nadhani ni Sukari akipiga kwato ukutani akitaka chakula.

Na alikuwa mzuri, tusimnyime haki yake. Rangi ya chai ya maziwa, doa jeupe kwenye paji, kope ndefu kama za bi harusi. Ubaya wake ulikuwa mmoja: akishtuka anakimbia, na akishakimbia hamsikii mtu. Madamu alimpa jina Sukari, majirani wakamwita Pilipili. Na miaka ile vya kushtua havikukosekana. Mlio wa bunduki ukisikika milimani, sisi tulijua pa kulala, chini ya kitanda na mtoto katikati. Yeye alijua lango tu.

Ile siku ya kizuizi bado nikiikumbuka nacheka peke yangu sokoni. Ulikuwa umempanda, unamzungusha polepole mbele ya nyumba, mimi nimesimama na Hawa mgongoni nakutazama kama malkia. Bunduki ikalia huko juu. Nikaona vumbi, na wewe hupo. Mengine nilisimuliwa na wauza nyanya. Walisema askari wa kizuizi waliona farasi anateremka barabara nzima, na mtu amelala shingoni mwake anapiga kelele, "Freni apana, wakubwa! Freni apana!" Mmoja akaishusha kamba chini, akakupisha. Sukari alisimama mwenyewe ziwani, maji yalipomfika tumboni. Ulirudi kwa miguu ukimvuta, umelowa, kiatu kimoja, na kofia ya askari kichwani. Mpaka leo hujaniambia kama ulipewa au ulichukua.

Madamu peke yake hakucheka siku ile. Alikuwa ameshaamua kuhamia kwa mwanawe mwenye shamba upande wa Kigoma, na Sukari alipaswa kuvuka kwa boti ya mizigo, na wewe naye, kazi yako ikusubiri huko kwenye utulivu. Alituita barazani.

"Bandarini iko watu, iko kamba, iko watoto," alisema. "Akikimbia pale, ataua mutu. Akikimbia tena mara moja mbele ya safari, mi naita daktari wa wanyama na sindano yake. Napenda yeye sana. Lakini watu pia napenda."

Akageuza uso, sigara ikajizimia mkononi. Ulikwenda zizini, nikakusikia unamwambia Sukari mambo ambayo hata mimi hujawahi kuniambia.

Halafu ukafanya ufundi wako. Nisamehe nikicheka. Farasi anayekimbia hana freni, ulisema, na breki zisizoshika zinakazwa. Ukaenda kwa rafiki yako mchomea mageti, aliyekuwa ameshafungua tena karakana yake Cibitoke, ukarudi na lijamu mpya, kile chuma cha mdomoni. Kilikuwa kimesokotwa kama nondo za dirisha. Ulikiinua juani, unakizungusha. "Mama Hawa, tazama. Na hii atasimama."

Alisimama kwa miguu miwili, tena ile ya nyuma. Kila ukivuta alirusha kichwa, alitoa macho, alikwenda kombo kama kaa. Mlio wa mlango wa gari sasa ulitosha kumkimbiza, wewe ukining'inia kwenye hatamu mpaka soli zinachora mistari uwanjani. Nikaona povu la mdomoni lina wekundu.

Siku zile Hawa alikuwa anaota meno. Mchana kutwa kidole changu kilikuwa mdomoni mwake, napapasa ufizi, natafuta pa moto. Sijui kusoma vitabu vya farasi, nawe unajua shule yangu iliishia wapi, lakini ule uso wa Sukari niliujua. Ulikuwa uso wa binti yangu akikataa titi.

"Mushike kichwa," nikakuambia.

"Atakukata vidole, we mwanamuke."

"Hapa pembeni hana meno. Nimemuona akipiga miayo."

Nikaingiza kidole kwenye ule ufizi mtupu ambako lijamu inakaa. Palikuwa pamevimba, pana mchano. Sukari akafumba macho. Nikakuambia: chuma chako kimelala juu ya kidonda. Akishtuka unavuta, ukivuta anaumia, akiumia anakimbia. Anakikimbia chuma, na chuma kiko mdomoni mwake, sasa atafika wapi?

Ukalegeza hatamu. "Lakini baiskeli..."

"Baiskeli haina ufizi, Baba Hawa."

Ulikichomoa pale pale. Kipo bado, nakiningʼinizia sufuria, kinafaa sana kwa sufuria.

Tukamwacha bila chuma chochote mdomoni mpaka apone, unamtembeza kwa kamba ya kichwani tu, mimi namwosha ufizi kwa maji ya chumvi. Madamu alipoona, akaingia ndani, akatoka na sanduku la lijamu zake za ujana. Ukazipanga kwenye mkeka. Moja ilikuwa na mikono mirefu na mnyororo wa kubana kidevu, hiyo Madamu aliisukuma kwa mguu. Moja nyembamba yenye kiungo katikati. Sukari aliiuma kama mtu anayezuia tusi. Ya tatu ilikuwa nene, laini, imenyooka. Hiyo aliitafuna kidogo, akaiacha, akarusha kichwa.

"Baridi," ulisema. "Ni nzuri, lakini ni baridi."

Ukachukua mpira wa ndani wa gurudumu, ukaukata utepe, ukaizungushia lijamu ile nene kwa mkono uleule unaozibia pancha, mzunguko juu ya mzunguko, hakuna hata kikunjo. Hapo ndipo baiskeli ilipopata heshima yake. Ukaiweka mkekani, tukageuka kumshika Sukari, na tulipogeuka tena Hawa alikuwa ameketi katikati ya vyuma vyote vile, ameacha vinavyong'aa, anatafuna ya mpira kwa raha zake, mate mpaka kitovuni.

Madamu akasema, "Mutoto amechagua."

Tukainyang'anya, kilio. Tukaiosha, tukampa Sukari. Aliigeuza mdomoni, masikio yakalegea, akaanza kuitafuna taratibu, povu jeupe safi. Ulinitazama kama siku ya ndoa.

Lakini lijamu nzuri ni nusu tu, hilo Madamu ndiye alitufundisha, maana alipanda farasi kabla sisi hatujazaliwa. Akianza kuongeza mbio, alisema, usivute nyuma kwa mikono miwili kama unayevuta ndoo kisimani. Mgeuze kichwa upande mmoja, azunguke, duara lipungue, lipungue, mbio zitaisha zenyewe. Na akisimama, fungua vidole. Hili lilikushinda wiki nzima. Sukari anasimama, wewe bado umekaza.

"Fungua," Madamu anapiga kelele kutoka barazani. "Amesimama na we unavuta tu. Sasa kusimama kumemupa nini?"

Na lile neno tulilipata bure. Hawa alikuwa mgongoni analia meno yake, mimi natembea mbele ya farasi nampigapiga mtoto makalio, "hora, hora mwana," kama mama yeyote wa Burundi anavyombembeleza wake. Sukari akasimama. Nikaenda, akaenda. Nikasema hora, akasimama tena, akateremsha shingo.

"Nani amemufundisha?" uliuliza.

"Nadhani anakaa karibu na dirisha letu," nilisema. "Naye amebembelezwa muda wote huu."

Kuanzia hapo tukageuka vichaa wa mtaa. Wewe juu ya farasi, mimi nagonga sufuria kwa mwiko, kwanza kutoka mbali kwenye ukuta, kesho yake karibu zaidi. Anashtuka, unamgeuza, unasema hora, anasimama, unafungua vidole, anakuna pua yake kwenye goti lako. Jirani alichungulia akauliza kwa Madamu kuna harusi ngapi. Na bunduki zilipolia tena milimani, mwalimu ambaye hatukumwalika, Sukari alitetemeka mwili mzima, akazunguka mara mbili, akasimama. Akakaa pale pale chini yako. Nililia, Baba Hawa, na hukuniona kwa sababu na wewe ulikuwa umeinamia manyoya yake.

Bandarini ndipo nilipoogopa. Winchi ilikuwa inapiga kelele, wapakizi wanasukumana na magunia, boti ikapiga honi. Sukari akainua kichwa juu kabisa. Nikaona mkono wako unaanza kukaza. Watu wote wale, watoto wale. Halafu nikaona vidole vyako vinafunguka, kimoja kimoja. Nikasema hora. Ukasema hora. Mpakizi mmoja mwenye kifua kama kabati akasema hora, na wenzake wakaitikia, gati zima la wanaume wenye jasho wanambembeleza farasi kama mtoto wa titi. Akapanda ubao akikoroma, kwato zinalia ko, ko, ko, mpaka ndani. Madamu alipiga makofi.

Na wewe ukawa ndani naye. Tuliifanya kazi vizuri mno mpaka ikakuchukua. Ulisema tutafuatia karibuni, kisha boti zikasimama, zikaanza, zikasimama tena. Sasa Hawa ana meno yote, anakimbia, na Jumamosi tuna nafasi yetu. Nimeshafunga furushi. Moyo wangu umekuwa mwepesi, hata chumvi natia mara mbili kwenye mboga.

Basi sikiliza. Usije mbio. Simama kando, ninapoweza kukuona, halafu chuchumaa uangalie ziwa kama mtu aliyekuja kwa mambo yake. Mkononi shika ile lijamu ya mpira, kama bado ipo. Huenda ufizi wake unakumbuka yale ambayo macho yamesahau. Atakukimbia mara ya kwanza. Mwache, nitakuwa katikati, atanizunguka mimi, na duara litapungua. Akisimama, sema hora, kwa sauti ile ya bandarini. Akija akikugusa ndevu, usimkaze. Najua mikono yako itataka. Fungua vidole. Akishajua anaweza kuondoka, atakaa, nawe utambeba mpaka uchoke.

Hayo ni ya Hawa. Mimi sina mafunzo ya namna hiyo. Yeye akishatulia, mimi unaweza kunikimbilia.

Wako, mwenye furushi mlangoni,

Mama Hawa